Ukuta Mmoja kwa Mtaa Mzima

Machi ikishaingia, wakazi wa Fargo, mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la North Dakota, Marekani, huacha kuzungumzia theluji na kuanza kuulizana habari za maji. Kila anayeishi kando ya mto Red ana tarakimu zake kichwani: mto ukifika futi kadhaa maji yataingia uani, yakiongezeka kidogo yatafika kwenye chumba cha chini ya nyumba, yakizidi hapo yatabisha hodi mlangoni. Majirani husalimiana kwa tarakimu hizo. Mgeni atadhani wanazungumzia mpira.

Mto huu hutenganisha North Dakota na Minnesota, kisha huelekea kaskazini hadi Ziwa Winnipeg, Kanada. Balaa inaanzia kwenye mwelekeo huo. Jua la majira ya kuchipua huyeyusha theluji ya kusini kwanza, wakati huko mbele mto bado umefunikwa na barafu. Maji yanashuka na kukuta njia imezibwa. Bonde lenyewe lilikuwa sakafu ya ziwa la kale ambalo wataalamu huliita Agassiz, na ni tambarare kiasi kwamba mto ukivuka kingo zake hakuna kilima cha kuuzuia. Unatandaa mashambani hadi upeo wa macho. Udongo ni wa mfinyanzi, tena umeganda, haunywi maji. Mjini Fargo mto huhesabiwa kuwa umefurika ukipita futi 18. Tarehe 28 Machi 2009 ulifika futi 40.84, na rekodi hiyo haijavunjwa.

Lakini mafuriko haya hayaji kama mwizi. Yanatoa taarifa wiki nyingi kabla, na muda huo wa kungoja ndio uliozaa desturi za watu wa hapa. Makadirio ya idara ya hali ya hewa huanza kutolewa baridi ikiwa bado kali, na wenyeji huyasoma wakiongezea ya kwao. Je, mvua za mwishoni mwa mwaka jana zililowesha ardhi kabla haijaganda? Theluji iliyolala mashambani imebeba maji kiasi gani? Usiku bado kunaganda? Swali hilo la mwisho lina uzito zaidi kuliko linavyoonekana. Theluji ikiyeyuka mchana na kuganda tena usiku, mto hupanda taratibu na watu hupata nafasi ya kujipanga. Joto likija kwa mkupuo, tena na mvua juu yake, hakuna anayelala.

Jambo la kwanza ambalo mtaa wa kando ya mto humfundisha mtu ni kwamba nyumba moja haiokoki peke yake. Ukuta wa viroba vya mchanga hupita nyuma ya nyumba zote, uani kwa huyu na uani kwa yule, na maji hayatafuti pale palipo imara; yanatafuta pengo. Mzee anayeishi peke yake nyumba ya tatu asipojengewa, kazi yote ya wenye nguvu waliomzunguka imekwenda na maji. Kwa hiyo kumsaidia hakuhesabiwi kuwa hisani, na yeye hatazamiwi kushukuru kupita kiasi. Ni sehemu yake ya ukuta, na ukuta ni wa wote. Kwangu mimi hii ndiyo desturi yao iliyo bora kuliko zote, kwa sababu inamwondolea mnyonge aibu ya kusaidiwa.

Kazi yenyewe ina ufundi wake, na wanaoujua huwafundisha wasioujua palepale. Kiroba hakijazwi hadi juu. Kinajazwa nusu, au kupita nusu kidogo, kisha mdomo wake unakunjwa chini yake. Kikijaa sana kinakuwa kigumu na cha mviringo, hakilali, na maji yanapenya pembeni. Kikiwa na nafasi kinabonyea, kinajaza mwanya uliopo. Viroba hupangwa kama matofali, cha juu kikikanyaga maungio ya viwili vya chini, na kila safu hukanyagwa kwa miguu hadi ikae. Kitako cha ukuta lazima kiwe kipana, takribani mara tatu ya kimo chake, na upande wa mto hutandikwa nailoni nzito. Adui mkubwa ni baridi. Kiroba kilichoganda ni jiwe tu, hakishikani na mwenzake, ndiyo maana hujazwa na kuhifadhiwa ndani ya maghala yenye joto hadi dakika ya mwisho.

Kutoka kwenye lori hadi ukutani viroba husafiri mikononi mwa watu. Wanapanga mstari wakitazamana, mmoja ameelekea huku, wa pili kule, na kiroba kinapita kifua kwa kifua bila mtu kuinua mguu. Baada ya saa moja mgeni anajifunza kutokipokea kwa vidole bali kwa mapaja na mikono yote miwili, la sivyo mgongo utamsimulia kesho yake. Mwaka 2009 shule na vyuo vya Fargo na vya Moorhead, mji pacha ulio ng'ambo ya mto, viliwaruhusu wanafunzi kuacha masomo wakajaze mchanga. Uwanja wa michezo wenye paa, Fargodome, uligeuzwa karakana ya viroba. Ndani ya siku chache vilijazwa zaidi ya milioni 3. Mwanafunzi alijikuta amesimama kati ya mkulima na mwajiri wake, wote matope hadi magotini, na mwenye amri ni yule tu anayejua kupanga.

Wengi wa wakazi wa zamani ni wajukuu na vitukuu wa wahamiaji kutoka Norway na nchi jirani zake, Walutheri, watu wa maneno machache, na kuomba msaada kwao ni kazi ngumu kuliko kubeba mchanga. Ukimuuliza mtu kama anahitaji watu, jibu ni kwamba mambo si mabaya. Jirani mwenye adabu basi haulizi. Anafika na glovu zake na beleshi, anaingia mstarini. Mwenye nyumba naye ana wajibu wake: choo kiwe wazi kwa kila mtu, kahawa isikatike, na mlango usifungwe. Makanisani kina mama, na siku hizi kina baba pia, hukaanga na kuoka kutwa nzima. Vyakula vya kuokwa vya nyama na viazi, mikate iliyopachikwa nyama, keki za kukata vipande. Chakula hicho hupelekwa hadi kwenye tuta, kikaliwa wima, mvuke ukiwatoka watu vinywani.

Fargo pia imepokea wakimbizi kwa miaka mingi, Wabosnia, Wasomali, Warundi, Wakongo, na wako miongoni mwao wanaozungumza Kiswahili. Anayetoka kijiji chenye mazoea ya ujima hahitaji kuelezwa mstari ule ni wa nini.

Ndani ya nyumba kuna kazi nyingine isiyoonekana barabarani. Karibu kila nyumba ya huku ina orofa chini ya ardhi: tanuri la kupasha joto liko huko, mashine ya kufulia iko huko, picha za harusi na nguo za watoto waliokwisha kuoa ziko huko. Maji hayangoji kuvuka ukuta ndipo yaingie. Hurudi kinyumenyume kupitia bomba la majitaka. Kwa hiyo tundu la sakafuni huzibwa mapema, pampu hujaribiwa, na jenereta hutafutwa kwa sababu umeme ukikatika pampu nayo imekufa. Halafu vitu vinapandishwa ngazi. Vijana wa mtaa hupita nyumba za wazee kwa ajili hiyo, na hapo ndipo busara inapotakiwa: sanduku la barua kuukuu hubebwa kwa heshima ileile ya jokofu, na mwenyewe ndiye anayesema liwekwe wapi.

Tahadhari yao imetokana na uchungu. Aprili 1997, mjini Grand Forks, kaskazini mwa Fargo, watu walijenga wakitegemea makadirio ya futi 49. Mto ulipanda hadi futi 54.35. Karibu mji mzima wa watu 50,000 ulihama, na moto ukateketeza majengo 11 ya katikati ya mji, zimamoto wakiwa wamezingirwa na maji. Tangu hapo watu wa bonde hili hawaichukui tarakimu kama ahadi; wanajenga juu yake. Mwaka 2009 makadirio ya Fargo yalipanda karibu kila siku, hata futi 43 ikatajwa, na waliokwishamaliza ukuta walirudi kuuongeza usiku, kwenye baridi ya kugandisha.

Sasa desturi hii inabadilika. Nyumba nyingi za ukingoni zimenunuliwa na kubomolewa, matuta ya kudumu yamejengwa, na mfereji wa kilomita 48 hivi unachimbwa kuuzungusha mto nje ya Fargo na Moorhead. Mji wa Winnipeg, huko Kanada, ulifanya hivyohivyo zamani. Mfereji wake ulikamilika mwaka 1968. Nafurahia kwa moyo wote, maana hakuna mila inayostahili kugharimiwa kwa hofu ya kila mwaka. Ila mafuriko makubwa yakija, mfereji wa Fargo utahitaji maji yazuiliwe kwa muda upande wa kusini, juu ya ardhi za wakulima na vijiji vidogo. Wenye ardhi hizo walipinga kwa miaka, mahakamani na mikutanoni, hadi mapatano yalipofikiwa mwaka 2020. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka kwa yeyote aliyewahi kusimama kwenye mstari wa viroba: ukuta wa mji sasa unapita uani kwao, basi nao wahesabiwe kuwa majirani, walipwe, waulizwe, na Machi ikifika wajengewe kama yule mzee wa nyumba ya tatu.