Barafu za Sikukuu: Baridi Haisafishi Maji

Ifikapo Desemba, msimu wa kaskazi huleta joto kali katika mwambao wa Afrika Mashariki. Shule zimefungwa, Krismasi na Mwaka Mpya vinakaribia, na katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga na Mombasa majokofu hujazwa barafu za ubuyu, za ukwaju na za maziwa kwa ajili ya watoto na wageni. Ni burudani ya gharama nafuu. Hata hivyo, familia zinazochemsha maji ya kunywa kwa uangalifu mara nyingine hugandisha maji ya bombani au ya kisimani bila kuyachemsha, kwa imani kwamba baridi itaua vijidudu.

Imani hiyo si sahihi. Bakteria wa kipindupindu na wa homa ya matumbo, yaani taifodi, huenezwa kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mtu mwenye maambukizi. Maji yanapoganda, baadhi ya bakteria hufa, lakini wengine husimama tu kukua na kuzaliana, kisha huamka barafu inapoyeyuka. Wakati wa mlipuko wa kipindupindu nchini Peru mwaka 1991, vinywaji vya mitaani vilivyotiwa barafu vilikuwa miongoni mwa vitu vilivyohusishwa na maambukizi. Ukali wa ubuyu au ukwaju hudhoofisha baadhi ya bakteria, lakini hauwezi kutegemewa kuwa kinga.

Njia iliyo salama ni kuchemsha maji pamoja na ubuyu na sukari hadi yatokote kabisa kwa dakika moja au zaidi, kuchuja kwa chujio safi, na kuacha yapoe yakiwa yamefunikwa. Maziwa nayo yachemshwe. Maji mabichi yasiongezwe baadaye ili kupunguza utamu au kuongeza wingi.

Uchafuzi mwingi hutokea baada ya kuchemsha. Mtayarishaji anapopuliza kifuko kwa mdomo ili kifunguke, au anapochota kwa kikombe huku vidole vikigusa kinywaji, kazi ya moto hupotea. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, na upawa na mrija wa kumiminia viwe safi. Kwa kuwa watoto hung'ata pembe ya kifuko ili kufyonza, sehemu ya nje ya kifuko nayo ioshwe kwa maji salama. Mtu anayeharisha asitayarishe barafu mpaka zipite angalau saa 48 tangu kuhara kukome.

Umeme ukikatika na barafu za maziwa zikayeyuka na kukaa katika joto kwa zaidi ya saa 2, zitupwe. Kuzigandisha upya hakurudishi usalama wake.

Dalili za kipindupindu huanza kati ya saa chache na siku 5 baada ya maambukizi, na za taifodi kwa kawaida baada ya wiki 1 hadi 3, wakati sikukuu imekwisha kusahaulika. Kwa sababu hiyo, mgonjwa anaposema kwamba nyumbani hunywa maji yaliyochemshwa, mhudumu wa afya amwulize pia kuhusu barafu: alikula lini, na ilitengenezwa kwa maji gani. Anayeharisha majimaji mfululizo aanze kunywa maji ya ORS mara moja na apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa, kwani kipindupindu kinaweza kuua kwa muda wa saa chache.

Mtoto wa chini ya miezi 6 asipewe barafu. Maziwa ya mama yanamtosha hata wakati wa joto. Mwenye kisukari atengenezewe ya ubuyu isiyo na sukari, na kiasi anachokula kihesabiwe katika mlo wake wa siku. Kwa tahadhari hizi, barafu itabaki kuwa sehemu ya furaha ya sikukuu kwa nyumba nzima.