Makinda Mawili Barazani

Ndugu mkulima, ukisikia neno mifugo, mara moja unawaza ng'ombe wa maziwa, kondoo na kuku. Leo nataka kukueleza habari za njiwa, ndege ambaye wengi wetu hapa Kinangop tunamfuga bila kumtazama. Mimi nami nilikuwa hivyo, mpaka jozi moja ilipojenga kiota juu ya boriti ya baraza yangu. Kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani wa kilimo, nilichukua daftari nikaandika kila nililoliona.

Yai la kwanza lilitagwa Jumatatu jioni, na la pili Jumatano mchana. Kwa kawaida njiwa hutaga mayai mawili tu. Dume na jike waliatamia kwa zamu: dume tangu jua likishapanda mpaka alasiri, na jike usiku kucha. Siku ya 18, yaani Jumapili, kinda la kwanza likatoka, na la pili likafuata kesho yake. Macho yao yalikuwa yamefumba, na miili yao ilikuwa na nyuzi chache za manjano.

Mwanangu akaniuliza, "Baba, mbona mama yao hawaletei wadudu kama ndege wengine?"

Swali zuri. Njiwa huwalisha watoto wake maziwa yake mwenyewe. Maziwa hayo si kama ya ng'ombe. Ni uji mzito unaotengenezwa ndani ya kifuko cha chakula kilicho kooni mwake. Na usidhani ni kazi ya jike peke yake, kwani dume naye hutoa maziwa hayo. Kinda huingiza mdomo wake ndani ya mdomo wa mzazi na kunywa. Baada ya siku chache wazazi huchanganya nafaka zilizolainika, na kadiri siku zinavyopita nafaka huzidi na maziwa hupungua.

Siku ya tano macho yalifumbuka. Siku ya nane vishina vya manyoya vilitokeza mbawani. Siku ya kumi msiba ukatufika: paka alimkamata dume chini ya baraza. Ilikuwa Julai, na wewe wajua baridi ya Julai huku kwetu. Jike akabaki peke yake. Akienda kutafuta chakula, makinda yanapigwa na baridi. Akikaa kuyafunika, yanalala njaa. Lile dogo likaanza kudhoofika.

Nilishika kikombe cha maziwa ya ng'ombe nikitaka kulinywesha. Mzee jirani yangu akanizuia. "Mwalimu," akasema, "utaliua. Msaidie mama yake, naye atalisaidia."

Nikafuata shauri lake. Niliweka karibu na kiota mahindi yaliyopondwa, mtama na njegere kavu, pamoja na changarawe ndogo na maji safi katika chombo chenye kina, kwa maana njiwa huzamisha mdomo na kufyonza. Hainui kichwa kama kuku. Hivyo jike hakuwa na haja ya kwenda mbali. Tena asubuhi na jioni nililiondoa kinda kubwa kwa robo saa, ili dogo lishibe kwanza.

Kwa siku tatu sikujua kama litaishi. Siku ya nne nililikuta limejaza koo, likinipigia mdomo kwa hasira. Nilifurahi kama mtu aliyezaliwa ndama. Siku ya 33 kinda kubwa liliruka mpaka kwenye ua. Dogo lilifuata siku tatu baadaye.

Sasa, ndugu mkulima, ukitaka kufuga njiwa, shika haya:

1. Jenga kibanda juu ya nguzo ndefu, na uizungushie nguzo bati ili paka na panya wasipande.

2. Kila jozi ipewe nafasi mbili za kiota, maana mara nyingi jike hutaga tena kabla makinda hayajaondoka.

3. Usiwalishe njiwa na kuku mahali pamoja, kwani njiwa aweza kuleta kideri. Uliza habari za chanjo ya kuku katika ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe.

4. Nyunyiza maji kabla ya kufagia kinyesi, kwa kuwa vumbi lake hudhuru mapafu. Kiache kinyesi kioze vizuri, kisha ukitumie kuwa mbolea ya mboga.

Mwisho, nunua daftari. Nisingaliandika siku kwa siku, nisingalitambua mapema kwamba kinda dogo linarudi nyuma. Fanya hivyo hivyo kwa ndama wako na kwa kuku wako. Mfugo haungoji mpaka uwe na nafasi ya kuutazama.