RN5 toka Uvira mpaka Baraka: udongo wetu unaishia wapi?

Kila mwenye amewahi kupakia muhogo, mawese ao ndagala kwenye gari anaijua RN5. Kipande kinachotoka Uvira kwenda Baraka, kama kilometa 90, kinafuata Ziwa Tanganyika karibu mwendo wote. Ukienda kusini, maji yako kushoto na milima iko kuume. Katikati kuna nafasi ndogo tu, na humo mumejipanga barabara, nyumba, masoko, michikichi na bichi za wavuvi.

Ni njia ya kupendeza macho. Lakini timu yetu ya waagronomu haikuipita kwa kutembea-tembea. Tulitaka kuelewa jambo moja: udongo unaotoka kwenye mashamba ya mlima unaishia wapi, na nani anaulipia? Jibu fupi ni hili: mlimaji analipa wa kwanza, mwenye gari analipa wa pili, na mvuvi anamalizia deni.

Ziwa lenye mlango mdogo

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa karibu 670, na kina chake kinafika karibu meta 1,470. Duniani kote ni ziwa la Baikal peke yake, kule Urusi, linalolipita kwa kina. Tunalishirikiana nchi ine: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Mwaka 2003 nchi hizo ziliweka sahihi kwenye mkataba wa kulilinda pamoja.

Mito inayoingia ni mingi, lakini mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, pale Kalemie, unaopeleka maji Lualaba. Maji mengine mengi yanaondoka kwa kukaushwa na jua. Maana yake ni kwamba kitu kikiingia humu ndani hakitoki mbio. Udongo wa shamba ukishuka leo, kesho na kesho kutwa bado uko humo.

Wengine wanafikiri ziwa ni kubwa sana, matope kidogo hayawezi kulifanya kitu. Lakini maisha mengi ya samaki yako pembeni, karibu na sisi. Zaidi ya aina 200 za sikilidi, ndugu za kuhe, ziko humu, na nyingi hazipatikani ziwa lingine lolote duniani. Wengi wanaishi kwenye mawe ya pembeni na kula majani madogo yanayoota juu ya mawe. Lumbu anataga karibu na mchanga wa pembeni. Watoto wa ndagala nao wanakulia karibu na nchi kavu kabla ya kwenda maji ya mbali. Matope yakifunika mawe na mchanga, mwangaza haufiki, chakula kinapotea, mayai yanakosa hewa. Mvuvi atasema samaki wamehama, kumbe wengine hawakuzaliwa hata.

Uvira na Kalundu: mlima unapoingia mjini

Uvira ni mji wa zamani wa biashara ya ziwa. Burton na Speke, Waingereza wawili, walipofika hapa kwa mitumbwi mwaka 1858, wafanyabiashara wa Ujiji walikuwa wanaijua njia tayari, na Kiswahili chetu kilivuka maji na watu wa namna hiyo. Bandari ya Kalundu imezoea kupokea maboti ya kutoka Kalemie, Kigoma na Mpulungu.

Lakini mji umebanwa. Milima inaanza nyuma ya nyumba za mwisho, na mito ya Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira inashuka kwa nguvu. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ulitoka kwenye njia yake. Watu makumi walikufa na maelfu ya nyumba ziliharibika. Mvua ilikuwa kubwa, ni kweli. Lakini mvua ikikuta mlima umevaa miti na majani, sehemu kubwa inaingia ndani ya udongo. Ikikuta mlima uchi, yote inakuja mara moja, na inakuja na mawe. Halafu mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda sana, likaingia kwenye nyumba na bichi za mwambao. Mkaaji wa Uvira sasa anaogopa pande mbili: maji ya juu na maji ya chini.

Makobola, Swima: shamba liko juu ya barabara

Ukitoka Kalundu, mlima unasogea karibu zaidi. Sehemu zingine barabara ni kama uzi kati ya mwamba na maji. Inua macho: mashamba ya muhogo yamepanda mpaka juu, na mistari mingi imelimwa kutoka juu kwenda chini. Tunajua kwa nini. Kulima hivyo kunachosha kidogo, na mvua ikinyesha maji hayasimami kwenye mizizi. Lakini kila mfereji kati ya matuta unakuwa bomba la kupeleka udongo barabarani.

Udongo wa juu, ule mweusi, ndio wenye chakula cha mimea. Ukishaondoka, muhogo unabaki kwenye udongo mwekundu, na mama anavuna vijiti. Chini, mitaro ya barabara inajaa, maji yanakata katikati, na makorongo yanazaliwa. Gari ikikwama siku mbili, muhogo mkavu unaweza kungoja. Samaki mbichi hawezi. Hapo ndipo mnunuzi anatoa bei ya kucheka, na wamama wa bichi wanakubali kwa sababu hawana namna.

Mboko, Nundu, Lusenda: kuni zinatoka wapi?

Kuelekea Mboko na Nundu nafasi inafunguka kidogo. Michikichi ni mingi, na mawese ya Fizi yanajulikana mbali. Lusenda kuna kambi ya wakimbizi wa Burundi tangu 2015, kwa hiyo midomo ya kula imeongezeka, na masoko pia.

Hapa tuliangalia sana moshi. Mikeke na sangala wanaobanikwa juu ya pipa ao juu ya moto wazi wanakula kuni nyingi, maana joto jingi linaondoka na upepo. Kuni hizo, pamoja na makala ya kupikia, zinatoka mlima uleule unaotuletea matope. Hatusemi wamama waache kubanika. Tunasema moto wazi unawaibia pesa, na unaiba mlima.

Baraka: ndagala juu ya mchanga

Baraka imekaa ndani ya ghuba, na ng'ambo unaona Ubwari, ile rasi ya wavuvi. Mto Mutambala unaingia ziwani upande huu, na baada ya mvua unaweza kuona kwa macho namna maji mekundu yanavyoingia kwenye maji ya bluu.

Asubuhi ndagala wanamwagwa juu ya mchanga. Kuku wanapita, mbuzi wanapita, mvua inanyesha bila kuaga. Ndagala mwenye mchanga anauzwa bei ya chini, na mwenye kunyeshewa anaoza. Upande wa Burundi, FAO ilisaidia wavuvi kuanika juu ya vichanja vya waya, kama meta moja kutoka chini. Hewa inapita juu na chini, samaki anakauka mbio kuliko kwenye mchanga, na anabaki safi. Kichanja kinahitaji miti ya kusimamisha, waya ao wavu wenye matundu madogo, na turubai ya kufunika mvua ikija. Samaki aoshwe na maji safi, si maji ya bichi penye watu wanajisaidia. Kipindupindu tunakijua huku.

Ndagala mkavu mzuri anangoja gari. Kwa hiyo kichanja ni dawa ya barabara mbaya pia.

Koperative inaweza kuanza na nini?

*Kwanza, kipimo cha A.* Tafuta miti miwili ya meta 2, iliyo sawa. Funga vichwa vyake pamoja, halafu funga mti wa tatu katikati kwa kulala, upate umbo la A. Ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kichwani. Simamisha kipimo, tia alama pale miguu imesimama, tia alama pale kamba inagusa mti wa katikati. Geuza miguu, wa kuume uende kushoto, palepale, tia alama ya pili. Katikati ya alama mbili ndipo usawa uko. Sasa tembea nacho kwa kukata mlima: kila mara kamba ikisimama katikati, piga kijiti chini. Vijiti vyote vinakuonyesha mstari wa usawa.

*Pili, mfereji na majani.* Kwenye mstari huo chimba mfereji wa sentimeta 40 mpaka 60. Acha vizuizi vya udongo ndani yake, ili maji yasimame na yasikimbie. Kwenye ukingo panda tripsakum ao setaria, mistari miwili. Ukitaka kuni, ongeza kaliandra. Majani hayo mbuzi na ng'ombe wanakula, hayapotezi nafasi. Mlima ukiwa mkali zaidi, mistari ikaribiane. Lakini angalisho: pale ambapo mteremko ni mkali sana na udongo ni mwembamba juu ya mawe, usichimbe mfereji. Maji yakisimama hapo yanaweza kuangusha kipande chote. Hapo panda miti tu.

*Tatu, tanuri ya Chorkor.* Jina linatoka Chorkor, mtaa wa wavuvi wa Accra, Ghana. Ni kuta za udongo ao matofali, na juu yake trei kadhaa za samaki zinapangwa moja juu ya nyingine. Joto linabaki ndani, kuni zinapungua. Makapi ya ngazi kutoka kwa wenye mawese yanaweza kusaidia kuwasha moto.

*Ine, salongo ya mwezi mkubwa.* Wavuvi wa taa wanajua: mwezi ukijaa, ndagala hawakusanyiki kwenye taa, na mitumbwi inapumzika karibu wiki moja. Wiki hiyo vijana wako nchi kavu. Koperative ya mlima na koperative ya bichi zikipatana, siku mbili za wiki hiyo zinatosha kuchimba mifereji juu ya kipande kibaya cha barabara. Mwezi unaofuata, wa mlima wanashuka na miti na makapi ya kusaidia vichanja na tanuri. Patano liandikwe, lisomwe mbele ya watu, na kila upande uweke mtu wa kuhesabu siku za kazi. Bila hesabu, salongo inakufa mwezi wa pili.

*Tano, nyavu.* Vyandarua vya mbu na nyavu za kuvuta pembeni zinakamata watoto wa ndagala na lumbu palepale wanapokulia. Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kwa miezi mitatu, toka 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024, ili samaki wazaane. Bichi yenye kujipangia sheria yake na kuifuata haitangoja kukatazwa na serikali.

Kazi hii haihitaji kungoja mradi. Kipimo cha A ni miti mitatu, kamba na jiwe. Kwenye mkutano mkuu ujao, ulizeni swali moja tu: koperative gani iko juu yetu, na gani iko chini yetu? Mkishajua majina, tumeni watu wawili wakaongee nao kabla mvua za Septemba hazijaanza. Timu yetu iko tayari kuja kupima mistari ya kwanza pamoja nanyi.