Bei Ikikosewa Kwenye Mtandao: Mnunuzi Ana Haki Gani?

Siku hizi kamati nyingi za parokia hazingoji tena mtu apande basi kwenda mjini kuulizia bei. Mhazini anafungua simu yake, anatazama tovuti za maduka mawili au matatu, na bei aliyoiona anaiandika kwenye bajeti. Wafadhili nao hununua vifaa huko waliko na kututumia. Njia hii inaokoa nauli na muda, lakini ina matatizo yake. Katika makala hii tunaeleza tatizo moja tu, nalo ni bei iliyokosewa na duka lenyewe.

Tuchukue mfano. Kamati imepewa shilingi 6,000,000 kununua betri 5 za umeme wa jua kwa ajili ya zahanati, kila moja shilingi 1,200,000. Usiku mmoja katibu anakuta duka la mtandaoni limeandika betri hizo hizo shilingi 120,000. Anaagiza 10, analipa, na dakika hiyo hiyo anapata barua pepe ya kumshukuru. Jumapili habari njema zinatangazwa, na shilingi 4,800,000 zilizobaki zinapangiwa mabati ya nyumba ya muuguzi. Jumatatu duka linaandika kuwa sifuri moja ilisahaulika, oda imefutwa na fedha zitarudishwa. Je, kamati inaweza kudai betri zake?

Bei iliyoonyeshwa ni mwaliko

Watu wengi huamini kuwa bei ikishaandikwa, muuzaji amefungwa nayo. Katika nchi zinazofuata misingi ya sheria ya Uingereza, sivyo ilivyo. Mwaka 1953 mahakama ya rufani ya Uingereza iliamua kesi iliyohusu duka la dawa la Boots, ambako wateja walijichukulia bidhaa wenyewe rafuni. Mahakama ilisema bidhaa yenye bei rafuni ni mwaliko tu wa kumkaribisha mteja. Mteja anapoifikisha kwa mpokea fedha, yeye ndiye anayetoa ombi la kununua, na duka linaweza kukubali au kukataa.

Ukurasa wa duka la mtandaoni huchukuliwa vivyo hivyo. Kubonyeza kitufe cha kununua ni kutoa ombi. Mkataba huzaliwa pale duka linapokubali. Hivyo swali la kwanza kujiuliza ni: duka limekubali lini?

Matukio mawili ya Uingereza yanaonyesha tofauti hiyo. Mwezi Septemba 1999 tovuti ya Argos ilionyesha televisheni ya pauni 299.99 kwa pauni 2.99. Watu waliagiza kwa wingi, lakini kampuni ilikataa kuwauzia kwa bei hiyo. Mwezi Januari 2002 Kodak nayo ilionyesha kamera ya pauni 329 kwa pauni 100. Tofauti ni kwamba Kodak ilikuwa imewatumia wanunuzi barua pepe za kuthibitisha oda zao, na wanunuzi wakashikilia kuwa huko ndiko kukubali kwenyewe. Mwanzoni kampuni ilikataa, lakini mwishowe ilikubali kuwauzia kwa pauni 100.

Baada ya mambo kama hayo, maduka mengi makubwa yalibadilisha masharti yao. Sasa huandika kuwa barua pepe ya kwanza ni taarifa tu ya kupokea oda, na kwamba mkataba unaanza mzigo unapotumwa. Ndiyo maana ni lazima kusoma masharti hayo kabla ya kulipa.

Aliyejua na akanyamaza

Hata duka likiwa limeshathibitisha, bado kuna swali la pili: je, mnunuzi alijua kuwa bei ni kosa?

Kesi inayojulikana sana ni ya Singapore. Mwezi Januari 2003 bei iliingizwa kimakosa kwenye tovuti ya kampuni ya Digilandmall, na printa ya dola za Singapore 3,854 ikaonekana kwa dola 66. Usiku mmoja marafiki sita, akiwemo mwanasheria, waliagiza printa 1,606. Kompyuta ya kampuni iliwajibu yenyewe kuwa ununuzi umekamilika. Kampuni ilipogundua ilikataa kuwapa, nao wakaenda mahakamani.

Walishindwa mwaka 2004, na rufani yao ikakataliwa mwaka 2005. Mahakama iliona kuwa walifahamu bei ile haiwezi kuwa ya kweli. Mtu anayejua kuwa mwenzake amekosea, kisha akaharakisha kuidaka nafasi hiyo, hawezi kuiomba mahakama imsaidie.

Kanuni hii haikuanza na intaneti. Mwaka 1939 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya muuzaji wa ngozi za sungura ambaye kwa makosa alitaja bei kwa ratili badala ya bei kwa ngozi moja. Mnunuzi alijua kuwa mazungumzo yote yalikuwa ya bei kwa ngozi, kwa hiyo hakuweza kumbana muuzaji.

Lakini bei ikiwa imepungua kwa kiasi cha kuaminika, kama punguzo la sikukuu, na duka likawa limekubali oda, mnunuzi asiyejua kosa ana nguvu ya kudai. Si kila duka linalosema "tulikosea" linaachiwa tu.

Kwetu Afrika

Nchini Kenya sheria ya mikataba inafuata misingi ya Uingereza, hivyo maamuzi tuliyotaja yana uzito. Zaidi ya hayo, kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mlaji haki ya kupata taarifa zinazohitajika na kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Sheria ya Kulinda Walaji ya mwaka 2012 inamtaka anayeuza kwa intaneti ampe mteja nafasi ya kukubali, kukataa au kusahihisha makosa kabla ya mkataba, na kumpa nakala ya makubaliano.

Tanzania ina Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iliyounda Tume ya Ushindani, ambayo pia hushughulikia ulinzi wa walaji dhidi ya matangazo ya kupotosha. Afrika Kusini imekwenda wazi zaidi. Sheria yake ya mwaka 2008 inamkataza muuzaji kudai bei kubwa kuliko aliyoonyesha. Lakini kosa likiwa la bahati mbaya na linaonekana dhahiri, hafungwi nalo, mradi alisahihishe na achukue hatua za kuwajulisha wateja.

Wafadhili mlioko Uingereza mkumbuke kuwa Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inamlinda mtu binafsi anayenunua kwa shughuli zisizo za biashara au kazi yake. Chama au taasisi inaponunua kwa jina lake, ulinzi huo haupo.

Kamati ifanye nini?

1. Linganisheni bei ya maduka yasiyopungua matatu. Bei iliyo chini mno ulizeni kwanza kwa maandishi. Huenda ni kosa, na huenda ni tapeli.
2. Someni masharti: mkataba unaanza lini, na fedha hurudishwa vipi?
3. Hifadhini picha ya ukurasa wenye bei na tarehe, namba ya oda, barua pepe na stakabadhi ya malipo.
4. Msitangaze wala kupangia matumizi mengine fedha iliyookolewa mpaka mzigo ufike na kukaguliwa.
5. Duka likifuta oda, daini fedha zote, pamoja na gharama ya usafirishaji mliyolipia. Msikubali kulazimishwa kupokea vocha.
6. Duka likitaka mwongeze fedha, si lazima mkubali. Mna haki ya kuacha na kurudishiwa zenu.
7. Mkizungushwa, pelekeni malalamiko kwa maandishi kwenye mamlaka ya kulinda walaji.

Sasa turudi kwa kamati yetu ya mfano. Betri 10 kwa bei ya betri 1 ni jambo ambalo mtu yeyote aliyeandika bajeti ile angelitilia shaka. Kwa hiyo haki yao ya uhakika ni shilingi 1,200,000 kurudi zote, wala si betri. Kosa lao kubwa lilikuwa kupangia mabati fedha ambayo mfadhili aliitoa kwa ajili ya betri, tena kabla hawajamwuliza. Wakirudishiwa fedha yao na kununua betri 5 kama walivyokusudia, zahanati itapata mwanga wake. Wakiwa wameshalipia mabati, wauguzi wataendelea kuzalisha akina mama kwa mwanga wa tochi ya simu.