Taa Zinazostahimili Maji, Vumbi na Mapigo

Tazama taa ya umeme iliyomo nyumbani au darasani, kisha uilinganishe na taa iliyofungwa nje, kwenye ukuta wa zahanati au nguzo ya bandarini. Ile ya ndani mara nyingi ni balbu tupu inayoning'inia darini. Ile ya nje imefungiwa ndani ya kasha gumu lenye kioo kinene, na pale kioo kinapokutana na kasha pamewekwa mpira wa kuziba. Kwa nini mafundi hujisumbua hivyo?

Sababu kubwa ni maji. Maji yakiingia ndani ya taa huchanganyika na vumbi na chumvi, na umeme huweza kupita humo. Ukifika kwenye kasha la chuma, mtu atakayeligusa aweza kupigwa na umeme hata akafa. Vumbi nalo hufifisha mwanga.

Labda wafikiri kwamba kibati kilichowekwa juu ya taa chatosha kuzuia mvua. Fanya jaribio hili. Chukua chupa tupu ya soda iliyo ya kioo, uiache juani wakati wa adhuhuri mpaka ipate joto. Ipindue, uingize mdomo wake katika beseni la maji, na uishike wima. Mwambie mwenzako aimwagie maji ya mtungini juu ya kitako chake. Utaona maji ya beseni yakipanda shingoni mwa chupa. Hewa iliyomo ndani imepoa na kusinyaa, na hewa ya nje imeyasukuma maji yaingie.

Ndivyo ilivyo kwa taa. Inapowaka hupata joto; hewa iliyomo hutanuka, na kiasi fulani hutoka nje. Mvua ikiinyeshea ghafla, hewa iliyobaki husinyaa, nayo taa huvuta maji kupitia ufa mwembamba hata usioonekana kwa macho. Fundi akisahau kuurudisha ule mpira mahali pake, kukaza skrubu hakutamsaidia sana.

Mnunuzi hawezi kuifungua kila taa dukani aichunguze. Kwa sababu hiyo, mwaka 1976 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme ilitoa kanuni za kuzijaribu na kuzitia alama. Alama hiyo ni herufi IP na tarakimu mbili, kwa mfano IP65. Tarakimu ya kwanza, kuanzia 0 hadi 6, yahusu vitu vigumu. Penye 2, kidole cha mtu hakiwezi kufika kwenye sehemu za hatari. Penye 4, hata waya wenye unene wa milimita 1 hauingii. Penye 6, vumbi haliingii kabisa. Taa ya namna hiyo hujaribiwa ndani ya sanduku lenye poda laini inayopeperushwa.

Tarakimu ya pili, kuanzia 0 hadi 9, yahusu maji. Taa yenye 1 huzuia matone yadondokayo wima tu, na yenye 4 huzuia maji yarushwayo kutoka pande zote. Yenye 5 hupigwa kwa maji ya mpira, lita 12.5 kwa dakika. Yenye 6, lita 100 kwa dakika. Yenye 7 huzamishwa majini hadi kina cha mita 1 kwa muda wa nusu saa.

Hapa yafaa uwe mwangalifu. Tarakimu hizi si kama alama za mtihani, ambapo 7 daima huishinda 5. Taa iliyopewa 7 imezamishwa katika maji yaliyotulia. Si lazima iwe imepigwa kwa maji ya mpira. Iliyofaulu majaribio yote mawili huandikwa alama zote mbili.

Je, jiwe likiipiga? Kioo kikipasuka, mpira wa kuziba hauna kazi tena. Alama ya mapigo ni IK, ambayo kanuni zake za kimataifa zilitolewa mwaka 2002. Taa yenye IK10 huangushiwa kitu cha kilo 5 kutoka urefu wa sentimita 40. Hilo ni pigo la jouli 20. Lita 5 za maji zina kilo 5; ukiwahi kuangushiwa ndoo ya kiasi hicho mguuni, walijua pigo hilo! Taa yenye IK08 hupata pigo la jouli 5 tu.

Alama hizi hazisemi lolote juu ya kutu. Kwa hiyo, mahali penye upepo wa bahari, fundi huuliza pia kasha limetengenezwa kwa madini gani.

Maswali
1. Katika jaribio la chupa, ni nini kilichoyasukuma maji yapande?
2. Taa ya uwanja wa shule huoshwa kwa mpira wa maji, na watoto hucheza kandanda karibu nayo. Dukani kuna taa mbili: moja ina IP65 na IK10, nyingine ina IP67 peke yake. Utachagua ipi, na kwa nini?
3. Tafuta taa ya nje karibu na shule yenu. Usiiguse. Ukiwa mbali nayo, eleza maji yangeweza kuingilia wapi.