Sher Shah Suri: Mpashtuni Aliyetawala India kwa Miaka Mitano (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimwacha kijana Farid, mwana wa Hasan Khan Suri, akisimamia ardhi ya baba yake huko Sasaram, Bihar. Huko ndiko alikojua kodi inavyokusanywa, na wakusanyaji wanavyomnyonya mkulima. Elimu hiyo ilimfaa kuliko upanga alipokuwa Sher Shah, mtawala wa Delhi.

Hata hivyo, kiti chenyewe alikitwaa kwa upanga. Juni 1539, pale Chausa kando ya mto Ganges, jeshi lake liliivamia kambi ya Humayun, mfalme wa Mughal. Humayun alijitosa mtoni na nusura afe maji. Inasimuliwa kwamba mchota maji mmoja alimpa kiriba kilichojazwa hewa, akaelea nacho hadi ng'ambo. Mei 1540 alishindwa tena karibu na Kannauj. Safari hii alikimbia moja kwa moja, na mwishowe akapata hifadhi Uajemi.

Sher Shah hakupoteza wakati. Aliagiza mashamba yapimwe, na sehemu ya serikali ikadiriwe kwa wastani wa mavuno, takriban theluthi moja. Mkulima alipewa hati inayotaja anachodaiwa, naye akatoa yake ya kukiri deni. Mkusanyaji hakuweza tena kujiongezea apendavyo. Farasi wa jeshi walipigwa chapa ili makamanda wasilipwe kwa farasi wasiokuwapo. Msafiri akiibiwa, wazee wa kijiji cha karibu walitakiwa kumtoa mwizi au kulipa wao.

Alikarabati na kuendeleza barabara kuu kutoka Bengal hadi mto Indus, akapanda miti ya kivuli na kujenga nyumba za wasafiri, zenye sehemu za Waislamu na za Wahindu, kila mmoja apikiwe kwa desturi yake. Nyumba hizo zilikuwa pia vituo vya farasi wa kupeleka barua.

Ndiye pia aliyeweka kipimo cha rupia ya fedha, yenye uzito wa gramu 11 na nusu hivi. Wamughal waliirithi, Waingereza wakaiendeleza, na kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi rupia ikatumika Zanzibar na Mombasa hadi karne ya 20.

Mei 1545, akiizingira ngome ya Kalinjar, kombora liligonga ukuta, likarudi na kulipua baruti iliyokuwa karibu naye. Aliungua vibaya. Ngome ilitekwa siku ileile, naye akafariki.

Mwanawe, Islam Shah, alitawala hadi 1553. Baada yake jamaa wakagombana, na Humayun akarudi Delhi mwaka 1555. Ukoo wa Suri uling'olewa, lakini Akbar, mwana wa Humayun, alijenga kodi zake juu ya msingi wa Sher Shah. Mhasibu wake mkuu, Todar Mal, ndiye aliyewahi kusimamia, kwa niaba ya Sher Shah, ujenzi wa ngome ya Rohtas huko Punjab. Wiki ijayo tutaona Todar Mal alivyoiendeleza kazi hiyo ya kodi.

Itaendelea.