Ushauri wa Lishe kwa Simu: Hakiki Kabla ya Kujiunga

Mama mjamzito wa Igamba, wilayani Mbozi, anaweza kupata ushauri wa lishe kwa simu kabla hajafika zahanati. Huduma za aina hii si ngeni. Novemba 2012 ilizinduliwa kampeni ya Wazazi Nipendeni. Mzazi alituma neno "mtoto" kwenda namba 15001, akapokea ujumbe wa Kiswahili, ukiwemo wa lishe, bila kukatwa salio. Utafiti uliofuata ulionesha kuwa wanawake waliofikiwa na kampeni hiyo kwa njia nyingi zaidi walijiandaa vema zaidi kujifungua. Tunasisitiza "njia nyingi", kwa kuwa ujumbe peke yake haununui dagaa wala maharage.

Tahadhari yetu ipo kwenye usajili. Utaulizwa umri wa mimba, uzito, pengine na maradhi. Hizo ni taarifa binafsi, zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Uliza zitatumikaje kabla ya kuzitoa. Ushauri unaoishia kukuuzia unga fulani wa lishe ni tangazo. Salio likikatwa bila ridhaa yako, lalamika kwanza kwa kampuni ya simu. Usiporidhika, leta malalamiko TCRA, ofisi yetu ya Kanda, Mbeya, pamoja na ujumbe uliopokea. Usiufute.